Zulia la Bibi

Bodnár alikuwa na kioo cha kukuzia
kilichoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.
Aliinama juu ya meza ya mwanga, slaidi thelathini na sita,
na thelathini na tano akazitupa kapuni.
"Moja ndiyo picha," aliniambia. "Hizo nyingine ni kikohozi."

Kazi yangu ilikuwa kubeba taa,
kuwasha jiko kabla Emőke hajavua koti
(Februari ya Budapest haimwonei mtu haya),
kisha kungoja naye, chai mkononi,
alama za lastiki ya soksi zifutike miguuni.
Alikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa benki iliyofungwa.
Alituchekesha kwa kuhesabu sekunde kama anahesabu noti.

Halafu bahasha. Stempu. Milano.
Miezi mitatu kimya, hata tukasahau.
Siku moja jarida likafika, ukurasa wa arobaini na moja:
Emőke juu ya zulia la bibi yangu,
zulia jekundu ambalo bibi mwenyewe, kwa macho yake yale,
hakuwahi kuliona jekundu hivyo.
Emőke alinunua nakala mbili kwenye kibanda cha stesheni ya Keleti.
Moja akaificha.
Ya pili akaificha zaidi.

Mwaka wa tisini na saba mpwa wa Bodnár, Szabolcs,
akaja na modemu chini ya kwapa.
Ililia kama paka aliyebanwa na mlango.
Tukaketi watatu mbele ya kioo cha kompyuta,
simu ikitula forinti kwa dakika,
na picha ikashuka
ukanda
kwa ukanda:
ukuta, nywele, paji, nyusi.
Ilipofika midomoni laini ikakatika.
"Nusu mwanamke," Bodnár akasema.
"Na nusu ya pili watailipia," akajibu Szabolcs.

Wakailipia. Kwa kadi, kwa dola,
usiku wetu ukiwa alasiri yao.
Kapu likaondolewa studioni.
Nadhani hilo ndilo lililomvunja mzee, si mashine:
kwamba hakuna tena cha kutupa.
Seti mpya kila Jumatatu, kila Alhamisi, picha mia na ishirini,
na vile vikohozi vyote vikauzwa
pamoja na kupepesa jicho, pamoja na mkono wangu
ulioingia pembeni umeshika kikombe.
Kioo cha kukuzia kikatundikwa msumarini.

Jina lake nalo. Ile ő, yenye vikwaju viwili kichwani,
haikuwamo kwenye kibodi za wateja.
Akawa Emi. Akawa Amy.
Akawa 0417.
Alilipwa mara moja, kwa seti;
0417 aliendelea kufanya kazi bila yeye,
Osaka, Porto Alegre, mahali pasipo hata stempu.

Kisha binamu yangu akaniandikia kutoka Toronto, mstari mmoja tu:
"Zulia la bibi nimelitambua. Bibi anajua?"

Nilimwonyesha Emőke. Hakucheka.
"Ifuteni," alisema.
Szabolcs akageuza kiti taratibu, si kwa ubaya:
"Niifute wapi?"
Zamani ungeiba filamu ukaitia jikoni,
ikajikunja, ikanuka, ikaisha.
Sasa utachoma nini? Hewa?

Bodnár alipofunga studio alitugawia vitu:
mimi taa, Szabolcs madeni.
Emőke alimpa slaidi ile ya ukurasa wa arobaini na moja,
ndani ya bahasha, bila neno.
Akaiinua dirishani kwa vidole viwili,
ndogo kuliko stempu.
Ikaja yote mara moja.

Alikaa nayo muda mrefu pale dirishani.
Halafu akauliza kama zulia bado lipo.
Nikasema lipo.
Pembe moja imeliwa na nondo.